Bi Dafinka Bakardzhieva, Aliyemrudishia Rubani Jina Lake

Baba Padri, ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake wa zamani wa kituo cha hariri, na ninyi mliovuka mpaka asubuhi hii katika baridi hii kuja kusimama nasi, kwa niaba ya familia naomba utulivu wenu, niwasomee maisha ya mama yetu, Bi Dafinka Ruseva Bakardzhieva. Mimi ni Ognyan, mume wa binti yake Vesela, na kwa desturi kazi hii ingekuwa ya mtoto wa kuzaa, lakini marehemu mwenyewe aliigawa akiwa kitandani, akili zake timamu, akasema, “Vesela atalia kwenye mstari wa pili, mdogo wake Nayden atachanganya tarehe, asome Ognyan, yule hana huruma, atafika mwisho.” Sifa hiyo nimeipokea kama nilivyopokea nyingine zote alizonipa kwa miaka thelathini na mitano, kwa kunyamaza, na nitajitahidi kufika mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Septemba 1941, hapa hapa Svilengrad, katika nyumba ya mtaa wa chini karibu na daraja la mawe, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Rusi Toshkov, fundi viatu, na marehemu Mariyka, mkewe, akapewa jina la bibi yake mzaa baba, Dafina, na pamoja na jina akapewa kazi, maana katika nyumba ile jina halikutolewa bure. Bibi Dafina alikuwa mjane ambaye hakukubali kuitwa mjane. Mume wake, Luteni Nayden Toshkov, aliyezaliwa mwaka 1886, alikuwa miongoni mwa vijana wa kwanza wa jeshi letu la Bulgaria kupelekwa ng'ambo kujifunza urubani, katika kiangazi cha 1912, zama ambazo ndege ilikuwa mbao, kitambaa na waya, na breki yake ilikuwa sala. Vita vya Balkani vilipoanza alirudi, akawa anaruka kutoka kwenye malisho yale nje ya mji wetu, akienda juu ya Edirne, mji wa Waturuki uliokuwa umezingirwa na jeshi letu, na asubuhi ya tarehe 20 Machi 1913 aliondoka akiwa peke yake ndani ya ndege ya Kifaransa, hakurudi. Jeshi lilileta taarifa ya mstari mmoja kwamba hajulikani alipo. Mwanawe Rusi alikuwa na umri wa miezi sita. Padri wa wakati ule alipokuja kumwingiza Nayden katika majina ya wafu yanayosomwa kanisani, Bibi Dafina alisimama mlangoni na mtoto mgongoni akamwambia, “Baba, andika walio na makaburi, wangu bado yuko angani.” Hakuvaa nyeusi hata siku moja, na watu walisema mengi juu yake.

Kwa upande wa elimu, marehemu alianza shule ya msingi Septemba 1948, akamaliza mwaka 1955, kisha akaingia sekondari ya mji huu na kuhitimu tarehe 24 Juni 1959, akiwa mzuri wa hesabu na mbaya wa kunyamaza. Mwaka 1951 mwalimu aliwataka watoto waeleze habari za wazee wao, Dafinka akasimama, akasema kwa sauti, “Babu yangu aliruka,” na mtoto mmoja wa nyuma akauliza, “Aliruka kutoka wapi, juu ya banda la kuku?” Darasa zima likaangua kicheko, na tangu siku ile mpaka anamaliza shule aliitwa Kuku, na wapo hapa leo, sitawataja, waliomwita hivyo mpaka uzeeni. Kicheko hakikumuuma kama lile lililofuata nyumbani, maana baba yake, aliyejua kwamba miaka ile ya utawala wa kikomunisti haikufaa kuwataja maofisa wa jeshi la mfalme, alisikia habari hiyo akainuka mezani, akaishusha ukutani picha ya Luteni Nayden na kuisukuma nyuma ya kabati la vyombo. Ni picha ile ile mnayoifahamu, babu amesimama kando ya ndege, koti la ngozi, kofia ameigeuza nyuma mbele, mkono mmoja juu ya pangaboi la mbao, na kiatu cha kushoto hakikufungwa kamba. Dafinka alijifunza kuitazama kwa kujibana ukutani na kuchungulia, mpaka akaijua kwa moyo.

Tarehe 2 Desemba 1958 Bibi Dafina aliaga dunia, na kabla ya kuaga alimshika mjukuu wake mkono, akasema, “Una jina langu, miguu yangu mimi imeisha, mtafute wewe.” Dafinka alikuwa na miaka kumi na saba. Alichokitaka tangu hapo hakikuwa kikubwa, hakutaka sanamu wala barabara iitwe kwa jina la babu yake, alitaka pawepo mahali pamoja hapa duniani ambapo mpita njia asiyemjua kabisa angesimama na kusoma: Nayden Toshkov, rubani. Hilo ndilo alilolitafuta, na nawaambia bila haya kwamba alilitafuta kwa fujo.

Kikazi, marehemu aliajiriwa tarehe 1 Septemba 1959 katika kituo cha viwavi wa hariri, akianzia kwenye kuchuma majani ya mforsadi na kuwalisha, akapanda hadi kuwa mkuu wa sehemu ya ulishaji, nafasi aliyoishika mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 1991. Wenzake mliofika mnaujua ukali wake, mnakumbuka kijana aliyeomba ruhusa ya kwenda harusini wakati viwavi wakiwa katika wiki yao ya kula sana, akajibiwa, “Nenda, mwanangu, lakini kwanza waage hawa elfu ishirini mmoja mmoja.” Likizo zake alizitumia kwenda Sofia na Plovdiv kwenye majumba ya makumbusho, amevaa koti lake zuri, akiuliza habari za babu yake, na kote alipokelewa kwa heshima, akaonyeshwa picha nyingi za marubani wa mwanzo, lakini Nayden hakuwemo, kwa sababu rahisi kwamba kila alichokuwa nacho kilianguka pamoja naye upande wa pili wa mpaka, na mpaka miaka ile ulikuwa seng'enge na bunduki.

Tarehe 9 Novemba 1963 alifunga ndoa na Bwana Kosta Bakardzhiev, dereva wa malori, mtu mpole ambaye alikuwa akiwaambia marafiki zake wakinywa rakia, “Nimeoa mke mmoja, nikapewa na rubani wa nyongeza.” Walijaliwa watoto wawili, Vesela, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1965, na Nayden, aliyezaliwa tarehe 19 Januari 1969, ambaye sina haja ya kueleza jina lake lilitoka wapi, na kutokana na hao marehemu ameacha wajukuu watatu na kitukuu mmoja. Bwana Kosta alimtangulia tarehe 11 Agosti 2001. Mimi niliingia katika nyumba hii mwaka 1988, na nilipokwenda kumposa Vesela, swali la kwanza nililotupiwa na mama mkwe halikuhusu kazi yangu wala ukoo wangu, aliniuliza kama napenda kupanda juu ya vitu, nami nikasema ukweli, kwamba naogopa hata ngazi ya kuchumia matunda, akamgeukia binti yake akasema, “Mchukue, huyu hatapotea.”

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo aliniagiza niisome yote, nisifiche, kwa kuwa alisema watu wanaisimulia vibaya.

Jumamosi tarehe 23 Oktoba 1993, mpaka ukiwa umekwisha kufunguka, marehemu alipanda basi la wanunuzi kwenda Edirne pamoja na jirani yake Bi Ginka, aliye hapa nasi leo, kwa ajili ya taulo na viatu vya watoto. Mchana alishikwa na haja, akaingia katika jumba dogo la makumbusho nyuma ya soko kutafuta choo, na huko ndiko alikompata babu yake. Ndani ya kabati la kioo palikuwa na nusu ya pangaboi la mbao lililovunjika, miwani ya rubani yenye kioo kimoja, na picha, koti la ngozi, kofia nyuma mbele, kiatu cha kushoto hakikufungwa kamba. Vitu hivyo vilitolewa mwaka 1978 na familia ya askari mmoja wa Kituruki aliyeviokota shambani siku ndege ilipoanguka na kuvitunza hadi kufa kwake, na chini yake hapakuwa na maelezo yoyote. Dafinka alipiga ukelele. Mlinzi, Bwana Shakir, wakati huo kijana mwembamba, alikuja mbio akidhani kuna mtu amevunja kioo, akamwita ofisa aliyekuwa na maneno machache ya Kibulgaria, na ofisa yule, kwa nia njema kabisa, akamuuliza mama huyu anayelia maswali matatu. Je, rubani huyu ni Mfaransa, maana ndege ni ya Kifaransa? Je, jina lake halijulikani? Je, wewe ni ndugu yake?

Marehemu alikuwa akilia kwa kwikwi, akajibu kwa kichwa. Naye alijibu kama sisi sote hapa tunavyojibu, kama mama zetu walivyotufundisha, hapana kwa kukiinua na kukishusha kichwa, na ndiyo kwa kukipeleka kushoto na kulia. Mfaransa? Akakiinua na kukishusha, kwa nguvu. Jina halijulikani? Akakiinua na kukishusha, kwa nguvu zaidi. Ndugu yake? Akakipeleka kushoto na kulia mpaka kitambaa kikamtoka. Ofisa akamshukuru sana, akaandika, na basi likapiga honi.

Tarehe 5 Machi 1994, ile Jumamosi ya kuwakumbuka wafu kabla ya Kwaresima, marehemu alirudi Edirne na bakuli la ngano ya kuchemsha na chupa ya divai, kwa mara ya kwanza familia yetu ikiwa na mahali pa kuvipeleka, akakuta chini ya kabati kibao kipya kinachong'aa, na kijana wa sokoni aliyejua lugha zote mbili akamsomea: “Rubani Mfaransa aliyekodiwa na Wabulgaria. Jina halijulikani.” Ndugu zangu, mnajua sauti yake. Alitaka kujua ni nani aliyesema upuuzi huo, na maofisa wapya, maana yule wa kwanza alikuwa amehamishwa, wakamjibu kwa adabu kwamba wana ushahidi wa mwanamke mmoja wa Kibulgaria, aliyefika mwenyewe, akathibitisha mambo hayo, na tena akasema hana undugu wowote na rubani. Alipowapelekea picha ya nyumbani walimwambia kwamba picha za marubani ziliuzwa ovyo masokoni wakati wa vita, kila nyumba inaweza kuwa nayo, lakini shahidi aliyefika kwa miguu yake mwenyewe ni shahidi.

Basi kwa miaka kumi mama mkwe wangu alimsaka mwanamke huyo. Alimtukana kwenye redio ya mji, alimtukana kwenye foleni ya mkate, aliandikiwa na gazeti la mkoa nusu ukurasa ambao ndani yake alimwita nyoka, msaliti na mwenye wivu, na baada ya kufikiri nani mwingine alikuwa Edirne siku ile aliamua kuwa ni Bi Ginka, wakaacha kusalimiana, nyumba na nyumba, ukuta mmoja. Mimi nilimwambia pengine kuna kutoelewana, akaniambia nile supu yangu. Lakini kila mwaka, hasira zikiwa zile zile, Jumamosi ya wafu alivuka mpaka na bakuli lake, akaliweka sakafuni mbele ya kioo, na Bwana Shakir, aliyekuwa ameanza kujifunza lugha yetu kwa ajili ya matusi yake, alimwambia, “Dada, chakula hakiruhusiwi humu ndani.” Naye alimjibu, “Basi ukile, kiishe.” Bwana Shakir alikula ngano ya Nayden miaka kumi, mpaka akawa anauliza kwa nini mwaka huu sukari imepungua.

Siku iliyogeuza mambo ilikuwa Jumamosi tarehe 14 Februari 2004, na mimi nilikuwepo, kwa sababu ndimi niliyeendesha gari. Jumba lile lilikuwa limepata msimamizi mpya, Bi Nurten, mzaliwa wa kijiji cha huku kwetu, upande wa Kardzhali, aliyeondoka na wazazi wake mwaka 1989 wakiwa na mabunda mgongoni, miaka michache baada ya nchi yetu kuwanyang'anya Waturuki wake majina yao na kuwabandika mengine wasiyoyataka, na yeye Nurten alikuwa ameitwa kwa jina la mtu mwingine darasani na hospitalini. Alimsikiliza marehemu akimtukana yule shahidi tangu mwanzo hadi mwisho, halafu akamuuliza, kwa Kibulgaria safi cha milimani, “Mama, siku ile wewe ulipoulizwa, ulijibu kwa mdomo au kwa kichwa?”

“Kwa kichwa! Ningejibuje na machozi mpaka kidevuni?”

“Nionyeshe.”

Akamwonyesha. Mfaransa? Hapana, juu na chini. Bi Nurten akamgeukia mlinzi. “Shakir, amesema nini?” Bwana Shakir, mtu mwaminifu, ambaye miaka yote hakuna aliyewahi kumuuliza, akasema, “Amesema ndiyo.” Hapo Bi Nurten alicheka mpaka akaegemea kabati la kioo, akapangusa macho, akasema, “Mama yangu, yule nyoka unayemtafuta nimempata.” Nilimtazama mama mkwe akihesabu polepole, swali la kwanza, la pili, la tatu, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Akaketi kwenye kiti cha mlinzi. “Basi miaka kumi hii nimemtukana nani?” Bi Nurten akamjibu, “Wewe mwenyewe, na umetukana vizuri.”

Jioni ile ile alikwenda kwa Bi Ginka na sinia la banitsa, ule mkate wetu wa tabaka wenye jibini, akasimama mlangoni, akasema, “Ginka, mwongo ni mimi.” Bi Ginka akachukua sinia kwanza, kisha akasema, “Nilijua, kichwa chako hakijawahi kukusaidia.” Wakakaa mpaka banitsa ikaisha, na hawakugombana tena isipokuwa kwa mambo ya kawaida.

Shahidi alipofutwa, picha ya nyumbani ilipokelewa, ikalazwa kando ya ile ya kabatini, kiatu kwa kiatu, na ilipofika wakati wa kuandika kibao kipya Bi Nurten hakukubali kuandika mwenyewe, alimpa marehemu karatasi na kalamu. Aliandika mara moja akakosea, mara ya pili akakosea, akaanza kujilaumu, na Bi Nurten akamwambia, “Polepole, mama, hatuna haraka, mimi najua jina linavyouma mtu akiandikiwa lisilo lake.” Marehemu aliiweka kalamu chini, akamshika Bi Nurten mikono yote miwili, akamwita kwa jina lake, Nurten, akalirudia, Nurten. Nami nasema leo mbele yenu, kwamba mtu ambaye sisi tulimnyima jina lake ndiye aliyeturudishia letu, na kama mtu anaona neno hilo halifai kusemwa msibani, amlaumu marehemu, ni yeye aliyeniagiza.

Tarehe 20 Machi 2005 kibao kilifunuliwa, kwa Kituruki na kwa Kibulgaria: “Luteni Nayden Toshkov, rubani, wa Svilengrad.” Marehemu alikisoma kwa sauti mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Tuliporudi hakupitia nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwa Baba Padri, huyu huyu aliye nasi, akamwomba aliingize jina la Nayden katika majina ya wafu, akasema, “Mwandike sasa, ametua.” Na Jumapili iliyofuata jina hilo lilisomwa kanisani kwa mara ya kwanza, miaka tisini na miwili tangu asubuhi ile, na marehemu alilia kwa furaha, na sisi tuliokuwa naye tulijivuna, na tunajivuna hadi leo.

Baada ya hapo hakupumzika. Makumbusho ya mji wetu nayo yalitenga ukuta mmoja kwa ajili ya marubani wa malisho yale, akawapa picha ya nyumbani, ile iliyowahi kuishi nyuma ya kabati la vyombo, na mwaka 2013, miaka mia moja ilipotimia, pangaboi lilivuka mpaka kwa mwezi mzima likaja kulala Svilengrad, likiwa limefungwa kwa blanketi kwenye gari langu, yeye kalishika magotini akinifokea kila shimo. Alizungumza na wanafunzi wa pande zote mbili. Msichana mmoja wa Edirne alimuuliza kama babu yake aliua watu, naye akajibu, “Sijui, mwanangu. Alikuwa juu ya mji wa watu wenye njaa, na bibi yake Shakir alikuwa mtoto humo ndani. Andika na hilo.” Likaandikwa, lipo kwenye kibao.

Ugonjwa wa moyo ulianza kumsumbua Novemba 2022. Alilazwa mara tatu katika hospitali ya mkoa, mara ya mwisho kuanzia tarehe 4 hadi tarehe 29 Desemba mwaka jana, ambako wauguzi walijua historia ya urubani kuliko walivyohitaji, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Asubuhi ya Jumanne tarehe 6 Februari 2024, saa tatu, akiwa na Vesela kando yake, alilalamika kwamba chai imepoa, akafumba macho wakati ikipashwa moto, na hakuyafumbua tena. Alikuwa na umri wa miaka themanini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya mkoa, waliomhudumia na kumvumilia, inamshukuru Baba Padri, majirani wa mtaa wa chini walioleta kuni na mikate tangu juzi bila kuitwa, wafanyakazi wa zamani wa kituo cha hariri waliolibeba jeneza, na Bi Ginka, aliyekesha naye. Shukrani za mwisho ni za Bi Nurten na Bwana Shakir, ambao mnawaona pale, na hizo siwezi kuzisoma kwa haraka.

Juzi mchana nilibandika tanzia ya mama, kama ada, mlangoni kwake, kwenye lango la kanisa na kwenye nguzo za mtaa. Tulikuwa tumeandika kwamba ametutoka mama, bibi na mama mkwe wetu mpendwa, tukaona imetosha. Jana Bi Nurten alinipigia simu, akaniambia amechapa nakala moja zaidi, na ameongeza maneno chini ya jina, “mjukuu wa rubani Nayden Toshkov,” akaibandika kwenye mlango wa makumbusho, Edirne, kwa gundi ambayo haitatoka kwa mvua. Wageni wawili waliofika asubuhi waliisoma yote, wakamuuliza Bwana Shakir kwa nini tanzia ya mwanamke wa Kibulgaria imewekwa pale. Bwana Shakir aliwaambia, “Si hubandikwa mlangoni kwa marehemu?”

Mama, nimefika mwisho kama ulivyotaka. Mungu akusamehe, akuweke kwa watu wako, na upumzike kwa amani, Dafinka, mjukuu wa Nayden.